Adesi za Chini ya Sufuria

Mwaija alikuwa amechoka. Aliamka amechoka, akalala amechoka, na hata usingizini aliota anatembeza mayai.

Biashara yake ilikuwa pale Segera, njia panda. Basi likisimama, alikimbilia madirishani na ndoo ya mayai ya kuchemsha na kachumbari. Basi la Arusha, basi la Tanga, basi la Dar es Salaam. Abiria anauliza bei, anaminyaminya yai, analirudisha. Basi linaondoka, Mwaija anabaki na vumbi.

Kabla ya kutoka nyumbani alfajiri, alibandika jikoni sufuria ya adesi. Adesi ni zile punje ndogo bapa, nyekundu, zinazoiva upesi kuliko maharage. Kuzipika alifundishwa na mama yake, ambaye zamani alikuwa mpishi katika nyumba ya Mhindi mmoja mwenye duka Korogwe mjini. Alitia kitunguu saumu, tangawizi, manjano kidogo, binzari nyembamba na nyanya, kisha majani ya giligilani. Majirani waliiita supu ya Kihindi. Harufu yake ilivuka ua ikawatesa waliokuwa bado hawajanywa chai.

Supu hiyo alimpikia hasa mwanawe, Ukasha, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Baba yake Ukasha, Isihaka, alikuwa kibarua katika mashamba ya mkonge upande wa Korogwe. Alirudi nyumbani mwisho wa mwezi tu. Mchana Ukasha alibaki na bibi yake, Bi Maryamu, mama yake Isihaka. Ukimwambia Bi Maryamu kwamba hampendi mjukuu wake, ujiandae kukimbia.

Lakini Ukasha hakuwa anakua. Wenzake walikuwa wanakimbiza kuku, yeye amekaa mkekani. Nywele zake zilikuwa nyepesi, mikono imekonda, na alilia kilio chembamba kisichokwisha.

Siku moja jioni Mwaija alirudi, miguu imevimba. Bi Maryamu alikuwa anamngoja kizingitini.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kaa chini. Mtoto huyu amebemendwa.”

Mwaija hakukaa. Wengi bado wanaamini kwamba mama anayenyonyesha akilala na mwanamume, mtoto hudhoofika. Huko ndiko kubemenda. Na kwa kuwa Isihaka hakuwepo nyumbani, kila mtu angejua tuhuma hiyo inakwenda wapi.

“Mama, wallahi sijafanya kitu.”

“Pale barabarani kuna madereva wa malori. Mimi ni mzee, si kipofu. Mwisho wa mwezi Isihaka akija, utarudi kwenu Kwashemshi. Mtoto atabaki hapa.”

Mwaija alitaka kupiga kelele. Hakuwa na nguvu hata ya hilo. Alimchukua mwanawe, akamnyonyesha, akalia kimya kimya juu ya kichwa chake. Kisimani maneno yalikuwa yameshafika. Wanawake walimwitikia salamu, kisha wakatazamana.

Asubuhi hakwenda barabarani. Alimpeleka Ukasha zahanati. Muuguzi alimpima malaria, hakuwa nayo. Alimpima uzito, akatikisa kichwa.

“Anakula nini?”

“Supu ya adesi. Kila siku, dada.”

“Adesi ni chakula kizuri sana,” alisema muuguzi. “Basi kuna jambo hatulioni. Nitamwomba Rosa apite kwenu aangalie anavyolishwa.”

Rosa alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wao. Babu yake alikuja zamani kukata mkonge, na ukoo wote ukabaki. Watu walimwita Mama Deo, kwa jina la mwanawe Deogratius. Siku ya pili yake alifika wakati wa chakula cha mchana.

“Hodi! Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, Mama Deo. Karibu kigoda hicho.”

“Ahsante. Nimekuja kumwona Ukasha akila.”

Bi Maryamu alifurahi. Hakuwa na la kuficha. Alifunua sufuria iliyokuwa imetulia tangu asubuhi. Adesi zote zilikuwa zimezama chini. Alichota maji ya juu taratibu, akiangalia asichanganye. Akayapitisha kwenye chujio la chai, akajaza kikombe, akampa mtoto.

Ukasha alikunywa kwa pupa. Kikombe kilipokwisha, alikilamba, akaanza kulia.

“Na hizo adesi za chini?” Rosa aliuliza.

“Hizo ni mboga yetu wakubwa, tunalia ugali. Mtoto hana magego, zitamjaza gesi. Nguvu ya supu iko kwenye maji. Ndivyo tulivyolelewa.”

Mwaija, aliyebaki nyumbani siku hiyo kumngoja Rosa, alikuwa amesimama mlangoni. Alikuja akachungulia sufuriani.

“Mama, kumbe kila siku unampa maji tu?”

“Si maji! Ni supu. Nampa ile safi kabisa.”

Rosa hakumkaripia. Alichukua kikombe kingine, akachota maji ya juu vilevile, akakiweka mbele ya Bi Maryamu.

“Bibi, leo chakula chako cha mchana ni hiki. Ugali hakuna, adesi hakuna.”

Bi Maryamu alicheka. “Unanitania, Mama Deo! Nimetoka kupalilia mihogo. Nitashindaje na kikombe cha maji ya...”

Hakumaliza. Alikitazama kikombe, akamtazama Ukasha, aliyekuwa bado analia. Kicheko kikafutika usoni mwake.

“Nilikuwa nampa chakula bora,” alisema kwa sauti ndogo.

“Ulimpa kwa mapenzi, bibi. Lakini maji haya yamebeba rangi, chumvi na harufu. Chakula chenyewe kimezama chini. Zile punje zina protini, inayojenga mwili wa mtoto. Zina madini ya chuma, yanayosaidia kuongeza damu. Zinatia na nguvu. Mtoto amekuwa akikosa yote hayo, halafu sisi tunashangaa kwa nini hatembei.”

“Na gesi je?”

“Gesi inapungua. Osha adesi vizuri, ziloweke kidogo, mwaga hayo maji ya kulowekea. Kisha zichemshe mpaka zipondeke zenyewe. Usitie magadi, yanaharibu baadhi ya vitamini. Njoo tumtengenezee sasa hivi, mkono uwe wako.”

Bi Maryamu alikoroga sufuria mpaka chini. Akachota adesi bakulini, akaziponda kwa mwiko. Zikawa nzito, hazimwagiki ukiinamisha kijiko.

“Hapo hapo,” Rosa alisema. “Uji au mchuzi unaotiririka haumtoshi mtoto. Tia kijiko cha mafuta, yanaongeza nguvu. Sasa kamulia limau kidogo.”

“Limau la nini?”

“Linausaidia mwili kuchukua yale madini ya chuma ya kwenye adesi. Chai ya rangi inafanya kinyume, inayazuia. Ukasha anapewa chai?”

“Kila mlo,” alisema Bi Maryamu, na safari hii hakumtazama mtu.

“Iache. Mpe maji safi. Na Mwaija, majani ya giligilani unayatia wakati gani?”

“Mwanzo, pamoja na kitunguu.”

“Yakipikwa sana vitamini zinapungua. Yaoshe, yakatekate, yatie mwishoni unapoepua. Hata mchicha uwe wa mwisho, uive kidogo tu.”

Walichanganya adesi na ugali laini. Ukasha alikula, mdomo wazi kama kinda, mpaka bakuli likaisha.

“Adesi peke yake hazitoshi,” Rosa aliendelea. “Siku nyingine mpe dagaa waliosagwa, siku nyingine kunde zilizopondwa. Tunda kila siku. Endelea kumnyonyesha. Na mayai unayouza, yeye anaonja?”

“Yale ni mtaji, Mama Deo.”

“Na huyu je?”

Mwaija alichukua yai moja kwenye ndoo, akalimenya.

Rosa alipofika uani kuondoka, Bi Maryamu alimfuata. Alinong’ona, lakini Mwaija alisikia.

“Na ile habari ya kubemenda?”

“Haipo, bibi. Mama akilala na mumewe, au akiuza mayai barabarani, maziwa yake hayaharibiki. Mtoto anadhoofika kwa kukosa chakula au kwa ugonjwa. Ukimfukuza mama yake, utakuwa umemwondolea na maziwa.”

Mabadiliko hayakuja upesi. Nataka niseme hivyo, maana wapo wanaodhani bakuli moja linanenepesha mtoto. Mara nyingine Ukasha aliharisha, wakampeleka tena zahanati. Mara nyingine Bi Maryamu alisahau, mkono ukaenda wenyewe kwenye chujio, akajikumbusha kwa hasira. Mwaija aliendelea kukimbilia mabasi, miguu ikaendelea kuvimba. Ndani ya nyumba waliongea machache: chumvi imekwisha, kuni zimelowa. Neno lililomchoma Mwaija lilikuwa bado halijarudishwa, na mwisho wa mwezi ulikuwa unakaribia.

Zahanati walisema uzito umepanda. Kidogo, lakini umepanda. Kilio chembamba kikapungua. Siku moja Ukasha alishika kigoda, akasimama, akaanguka, akasimama tena.

Isihaka aliporudi, alimkuta mama yake ameshaketi mkekani. Mwaija alikuwa amekunja nguo zake na kuzifunga kwenye kanga. Hakujua siku itaishaje, na uchovu ulimfanya asitake hata kukisia.

“Mama, ulinipigia simu nije tuzungumze,” alisema Isihaka. Uso wake ulikuwa umekunjamana. Maneno ya kisimani yalikuwa yamemfikia mpaka mashambani.

“Nilikuita. Haya, sikiliza. Mtoto hakubemendwa. Mtoto alikuwa na njaa. Na aliyemshindisha njaa ni mimi mama yako, na kikombe changu. Mkeo nimemsingizia. Kesho nitakwenda kwa kila niliyemwambia yale maneno, nimwambie na haya.” Akamgeukia Mwaija. “Mwanangu, nisamehe.”

Isihaka alivua viatu, akaketi karibu na mkewe.

Mwaija alikuwa ameingoja siku hiyo kwa maneno makali mengi. Sasa aliyatafuta, hakuyaona. Moyo ulikuwa bado unauma.

“Nimesikia, mama,” alisema. “Nipe muda. Nimechoka.”

“Basi lala. Leo barabarani huendi.”

Mwaija alijinyoosha mkekani hapo hapo, kichwa juu ya furushi la nguo zake. Kutoka jikoni alisikia mwiko unakoroga sufuria, taratibu, mpaka chini. Alimsikia Bi Maryamu akibembeleza.

“Kimoja tu, baba. Kijiko kimoja tu cha mwisho.”

Ukasha aligeuza uso pembeni. Alikuwa ameshiba.