Jeneza la Tani Thelathini

"Lipite tu, dada. Wameanza kunishuku."

Simu ikakatika.

Ibouroi alipiga akiwa nyuma ya kituo cha mafuta, kwa Kikomoro cha nyumbani. Miezi minane alijifanya mmoja wa genge linalosafirisha magogo ya palisandre, mti uliopigwa marufuku, kutoka upande wa Nosy Be. Leo lori lingevuka daraja, lifike bandarini Mahajanga, bosi wao anaswe akilipokea. Kisha Ibouroi arudi kwa mama yake.

Ramlati, dada yake, jasusi wa serikali, aliitia Nokia mfukoni.

Alikuwa kibandani kando ya daraja, pamoja na fundi Maoulida. Ndani ya zege la daraja mlilazwa nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele. Daraja likielemewa, nyuzi huvutika, mwanga ndani yake hubadilika, na kompyuta huchora mstari.

Lori la Mercedes likatokea. Juu yake jeneza, kitambaa cha kijani, na wanaume wenye kofia, Ibouroi miongoni mwao, wakisoma Yasini.

Askari wakainamisha vichwa. Nani atapekua maiti?

Magurudumu yakakanyaga daraja.

Mstari ukaruka.

"Madame," Maoulida akanong'ona, "mliniambia tani kumi."

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Hizi ni thelathini. Mhimili wa kati una ufa. Hautastahimili."

"Labda..."

"Daraja halijui labda, Madame."

Ng'ambo ya pili taksi ilikuwa imeshaingia darajani, imejaa wanawake wanaotoka arusini. Vigelegele vilisikika hadi kibandani.

Ramlati akashika redio. "Irudisheni taksi!"

"Nyuma kuna foleni. Hairudi."

Alijua maana yake. Lori likisimama hapa, genge litatafuta msaliti. Halitatafuta mbali.

Akachomoa Beretta, akatoka mbio.

Risasi mbili. Tairi la mbele likapasuka, lori likaserereka, likagota ukingoni, hatua chache kabla ya mhimili wa kati.

Yasini ikakatika.

"Wewe ndiye uliyesema njia safi!" mtu akafoka.

"Wallahi, kaka..."

Mlio mmoja wa bastola.

Askari walipolizingira lori, wenye kofia walikwishatupa silaha na kuinua mikono. Chini ya jeneza tupu magogo yalipangwa hadi sakafuni, mekundu kama nyama. Ibouroi alilala juu yake, macho wazi.

Ramlati akayafumba.

"Daraja?" mkuu wake akauliza redioni.

"Limesimama."

"Bosi wao?"

"Dereva ameshamtaja. Mkamateni."

"Kazi safi. Na kijana wetu?"

Akaizima redio. Akapiga simu nyumbani, mtaa wa Mangarivotra.

"Ramlati! Mwambie ndugu yako pweza yuko jikoni, asije akala njiani."

"Mama, waite wanawake wa mtaa. Watandike mikeka."

Kilisikika kifuniko cha sufuria kikianguka, kikizunguka sakafuni, mpaka kikatulia.

Ramlati akairudisha bastola kiunoni, akatembea polepole kuelekea mjini. Taksi ya wale wanawake ikampita. Mmoja akamrushia ua la asumini.

Akalidaka. Akaendelea na safari.