Kofia Kumi na Moja za Fundi Mkuu

Kila siku akirudi kutoka shuleni, msichana huyu wa miaka kumi na miwili alikuwa na kazi tatu kabla ya kugusa uzi: kutundika sare, kuosha vyombo vya mchana na kufagia sebule. Zote alizifanya kama mtu anayekimbizwa. Sare ilianguka chini ya msumari. Vijiko vilitoka majini na povu lake. Takataka za sebuleni hazikufika jaani, zilikwenda kulala chini ya mkeka. Halafu alibeba kikapu chake, akaketi kizingitini, mahali ambapo hakuna mpita njia angeweza kukosa kumwona, akaanza kufuma.

Shangazi yake, ndiye aliyekuwa akimlea, alimwita Fundi Mkuu. Lilikuwa jina la kejeli. Alimpa siku ile msichana alipofuma kofia yake ya kwanza, yenye tundu la kupitisha ngumi, akaivaa na kuizungusha mtaa mzima.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," shangazi alisema alipomwona akirudi. "Karibu, Fundi Mkuu."

Mtu mwingine angeona haya. Yeye alilipokea lile jina kama cheo, akaliandika kwa kalamu nzito ubavuni mwa kikapu.

Binti wa shangazi, ambaye walilingana umri, naye alikuwa na jina: Kobe. Hilo alibandikwa na Fundi Mkuu mwenyewe, kwa sababu alikuwa akifuma safu mbili, anasimama, anahesabu vitanzi vyake, na akikuta kimoja kimeponyoka anafumua na kurudi nyuma bila kulalamika.

"Wee Kobe, hiyo kofia ataivaa mjukuu wako?"

"Ataivaa," Kobe alijibu bila kuinua macho. "Yako sijui kama itafika hata kwa mtoto."

Biashara ya Fundi Mkuu ilianzia kwenye nguo za wanasesere. Aliokota mabaki ya vitambaa kwa fundi cherehani wa barabarani, akayageuza kuwa magauni madogo yenye lesi shingoni na shanga mahali pa vifungo. Kwa nje, mwanasesere alionekana bibi harusi. Kwa ndani ilikuwa gundi, pini, na mshono mmoja mrefu wa kushikizia tu. Pindo hakuna. Pindo la nini? Nani atamfunua mwanasesere?

Wasichana wa shule waliyagombania. Siku moja mmoja wao alimrudishia gauni wakati wa mapumziko.

"Fundi, limeachia lote mgongoni. Sijalifua hata mara moja."

Fundi Mkuu alilitazama kwa ncha ya jicho. "Mwanasesere wako amenenepa. Mpunguzie chakula."

Wote waliokuwa pale walicheka. Mwenye gauni akaondoka nalo, uso chini. Hivyo ndivyo walivyo wajuaji: kosa ni lao, aibu wanamwachia mteja.

Majira ya baridi yalipoingia, mkunga wa zahanati alipita pale kizingitini. Alitazama vidole vya Fundi Mkuu vikikimbia na sindano, akasimama.

"Binti, unaweza kofia ndogo? Za watoto wachanga. Wodini kwangu wanazaliwa wengine wadogo mno, na baridi hii vichwa vyao haviistahimili. Nataka kumi. Uzi nitaleta mwenyewe, ule laini. Zikiwa nzuri, wodi yetu haitatafuta mfumaji mwingine tena."

"Kumi tu?" alisema Fundi Mkuu. "Nipe siku nne."

Shangazi alikuwa mlangoni. "Mwenzio si akusaidie?"

"Kobe? Wakizisubiri za Kobe, hao watoto wataota ndevu."

"Haya," shangazi alisema. "Mungu akujalie na macho, maana vidole unavyo."

Mkunga alitaka kofia nyeupe, basi. Lakini kofia nyeupe tupu ingemsifu nani? Fundi Mkuu akaamua kuzitia nyota za buluu. Sasa, anayefuma kwa rangi mbili hujua jambo moja: uzi usiotumika hupita nyuma ya kazi, kwa ndani, ukisubiri zamu yake. Kila baada ya vitanzi vitatu ni lazima uubane, yaani uupindishe na mwenzake ili ushikwe, usibaki ukining'inia. Shangazi alikuwa amewafundisha wote wawili. Ni kazi ya kuchosha, na kwa nje haionekani hata kidogo.

Kwa kuwa haikuonekana, Fundi Mkuu aliiruka. Aliuvuta ule uzi wa buluu kutoka nyota hadi nyota, mrefu, bila kuubana popote. Nyuzi zilipokatika alipiga mafundo manene kama maharage, akaendelea. Siku nne zilipotimia kofia kumi zilikuwa tayari. Akaongeza ya kumi na moja kwa majivuno tu, ampe mtoto wa dada. Dada huyo ndiye mzaliwa wa kwanza wa shangazi, na alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua. Mtoto alikuwa na wiki tatu.

Jumamosi asubuhi alizipeleka zahanati. Mkunga alikuwa mbiombio, akapokea mfuko, akachungulia, akasema, "Kumbe una mikono! Asante, mwanangu," akaingia wodini. Fundi Mkuu alirudi nyumbani kwa njia ndefu, ili wengi zaidi wamwone na wapate nafasi ya kumuuliza ametoka wapi.

Alikuta mtoto wa dada analia, ile kofia ya kumi na moja kichwani. Hakikuwa kile kilio cha njaa. Dada alimpa ziwa, akalikataa. Akampiga mgongoni polepole, wapi. Akamwimbia, ndiyo kwanza akazidi, mpaka uso ukawa mwekundu na sauti ikaanza kukauka.

"Mbona mkono mmoja hautoi kofiani?" Kobe aliuliza.

Wote walitazama. Mtoto alikuwa ameinua mkono, kidole chake kimeingia ndani ya kofia na hakitoki. Dada alipoivuta kofia, mtoto alipiga yowe lililowasimamisha wote. Uzi wa buluu ulikuwa umemzunguka kile kidole mara mbili, umezama kwenye ngozi, na ncha ya kidole imekuwa rangi ya zambarau.

"Mkasi!" shangazi alisema. "Ule mdogo!"

Fundi Mkuu aliuleta mkasi mbio, akamnyooshea Kobe. Kobe akaupokea. Aliingiza ncha chini ya uzi taratibu, kama anavyofanya kila kitu, akakata mara moja, mara mbili. Dada alikipuliza kile kidole na kukisugua. Walisimama wakikitazama, shangazi midomo ikimcheza kwa dua. Rangi ilirudi kidogo kidogo. Mtoto akashusha pumzi, akatafuta ziwa.

Hapo ndipo shangazi alipoigeuza kofia ndani nje. Nyuzi zilikuwa zimetanda humo kama kamba za kuanikia nguo.

"Nilikufundisha kubana kila baada ya vitanzi vingapi?"

"Vitatu, shangazi."

"Umebana wapi hapa? Nionyeshe mimi nisiyeona."

"Inachelewesha, shangazi."

"Inachelewesha!" Dada aliruka. "Mwanangu akose kidole kwa sababu wewe una haraka ya kusifiwa?"

Fundi Mkuu aliinamisha kichwa. Mara akakumbuka zile kumi, akatupia jicho mlangoni.

"Na za zahanati ziko hivi hivi?" shangazi aliuliza, kana kwamba amemsoma.

"Labda zile ni nafuu kidogo..."

"Ziko hivi, au haziko hivi?"

"Ziko hivi hivi."

"Basi umesimama hapa unangoja nini?"

"Shangazi, si uende wewe? Wewe mtu mzima, mkunga atakuelewa."

"Sifa ulizipokea mwenyewe, hukunituma mimi nikupokelee. Na hili kalipokee mwenyewe. Kimbia! Kobe, mfuate, asije akapotea njia ghafla."

Walikimbia mpaka pumzi zikawaishia. Wodi ya wazazi ilinukia dawa ya kusafishia sakafu. Vitanda sita vilipangwa ukutani, na ilikuwa saa ya kuona wagonjwa, ndugu na jamaa wamejaa. Mkunga alikuwa mezani na ule mfuko.

"Shikamoo, mama mkunga."

"Marahaba. Umesahau nini?"

Hata hapo Fundi Mkuu alijaribu kuchepuka. "Nimekuja kuzichukua kidogo, nizitie mapambo zaidi."

"Zaidi ya haya? Binti, hawa wanazaliwa, hawaolewi."

Watu wa karibu wakacheka. Kobe hakucheka. Alimtazama mwenzake, akangoja.

"Nimesema uongo," Fundi Mkuu alisema, safari hii kwa sauti ndogo. "Ni mbovu kwa ndani. Moja imemnasa kidole mtoto wa nyumbani. Sikubana nyuzi."

Kicheko kilikoma. Mkunga alitoa kofia moja, akaigeuza, akapitisha kidole chake mwenyewe. Kikanasa. Akakiinua juu na kofia ikining'inia.

"Hii ni kofia," aliuliza, "au mtego wa panya?"

Alizigeuza zote, moja baada ya nyingine, akizitupa mezani kama mtu anayechambua nyanya zilizooza. Na kila moja alikuwa na neno lake. "Mtego. Mtego. Hii ina fundo la kutoboa utosi. Mtego. Na mimi mwenyewe wa kulaumiwa, nilitazama nyota nisigeuze." Alipofika ya tisa, mkono wake ulisimama ndani ya mfuko.

"Ya kumi nimeshaitoa. Kitanda cha nne. Kaichukue wewe uliyeifuma."

Kitanda cha nne alilala mama mmoja kijana, na pembeni yake kichanga kisichozidi urefu wa kiwiko hadi kiganja, kimevaa nyota za buluu. Mama yule alimwonyesha kila aliyekuja kumtazama.

"Shikamoo, mama. Naomba ile kofia."

"Kofia ya mwanangu? Kwa nini? Ndiyo nzuri kuliko vitu vyote tulivyonavyo."

Fundi Mkuu alikuwa amezoea kusikia maneno kama hayo na kuyaongezea mengine. Sasa yalimchoma. "Si nzuri, mama. Nimeifuma mimi. Itamuumiza mtoto."

Mama yule aliivua upesi, akaigeuza, akaona. Alimtazama yule msichana kuanzia nywele hadi kandambili. "Ungemfumia mwanao hivi?" aliuliza, akaitupa pembeni ya kitanda.

Kobe alikuwa na kofia moja ndogo mfukoni, nyeupe tupu, ile aliyokuwa akiifuma polepole mwezi mzima. Akaitoa na kumpa mkunga. Mkunga aliigeuza ndani nje, akaitazama hadi mwisho, kisha mwenyewe akaenda kumvika kile kichanga.

"Jumatatu ya wiki ijayo," alimwambia Fundi Mkuu. "Uzi ni huo huo, ufumueni. Usiniletee nyota. Na kila moja nitaigeuza mbele yako."

Walifumua siku mbili nzima. Uzi uliofumuliwa hujikunja kama nywele za kondoo, kwa hiyo waliuosha, wakauanika umefungwa jiwe ili unyooke. Kisha wakaanza upya, wawili, Kobe akiongoza. Fundi Mkuu alijifunza kusimama kila baada ya safu mbili na kuhesabu. Ilimuuma kuliko jino.

"Hapo umeruka kitanzi," Kobe alisema.

"Hakionekani."

"Mimi nimekiona. Fumua."

"Kobe, umekuwa mkali!"

"Sijawa mkali. Nilikuwa hivi hivi, ulikuwa huniangalii."

Akafumua.

Jumatatu mkunga alizipokea kofia kumi nyeupe. Aligeuza ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nane aliirudisha: fundo moja lilikuwa limebaki ukingoni. Zile tisa akaziweka kabatini. "Hizi zinavalika," alisema. Hakusema neno jingine la sifa, lakini kabla hawajatoka aliwapa mabunda mengine mawili ya uzi.

Nyumbani, shangazi alikuwa amepakata mjukuu wake. Aliisikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Sasa nisikilizeni," alisema. "Kazi yoyote ina pande mbili. Upande wa nje ni wa watu, na watu ni wepesi kudanganywa, huwasifu hata wasiojua kitu. Upande wa ndani ni wa anayevaa, na ni wa Mungu, na hao wawili hawadanganyiki. Ukifuma, ukifagia, ukiandika hesabu za shule, anza na upande huo. Mjinga hutaka aonekane anajua. Fundi hutaka kazi yake isimuumize mtu hata asipojulikana nani aliifanya. Na wewe uliyekwenda kukiri mbele ya wodi nzima, siku ile ndiyo uliyoanza ufundi. Kabla ya hapo ulikuwa unacheza na uzi wa watu."

Msichana aliingia ndani, akainua mkeka, akafagia kilichokuwa chini yake. Kisha akaketi sebuleni, ambako hakuna mpita njia angemwona, akachukua ile kofia ya nane, akatafuta fundo, akaanza kufumua bila kuambiwa.