Buti la Vidyutraj

Desemba ikifika, shule zote za Mumbai huingiwa na wazimu wa maonyesho, na wazimu huo huja kulipukia katika duka la mavazi ya kukodi la Revati Salunkhe, kule Dadar. Asubuhi ile akina mama walikuwa wamejazana mpaka kwenye ngazi, kila mmoja akitaka vazi la mungu Krishna la mwanawe, kila mmoja akiapa kwamba ndiye aliyetangulia. Revati alikuwa amevaa shalwari ya kijani, utepe wa kupimia shingoni, pini mdomoni. Alikuwa na miaka thelathini na minne, macho makubwa, na ulimi ambao majirani waliuogopa kuliko mbwa.

Mwanamume mmoja mwenye shati la samawati lililonyooka kwa pasi akajipenyeza, akaegemea kaunta.

"Dada, samahani. Mna vazi la Vidyutraj?"

Revati akatema pini zote kiganjani. "La nani?"

"Vidyutraj! Mfalme wa Radi! Ile tamthilia ya Jumapili mchana, enzi za utoto wetu. Suruali ya njano ya kubana, chupi nyekundu juu yake..."

"Naijua. Humu hatuweki uchafu."

Akina mama wakacheka. Mwanamume naye akacheka, wala hakununa, na hilo ndilo lililomponza Revati.

"Wewe uliyekulia Mumbai hii hii unamwita Vidyutraj uchafu? Hukujifunga taulo shingoni ukaruka kutoka kitandani?" akamuuliza.

"Jitu zima linapaa angani, kumbe limelazwa mezani, feni inalipulizia kitambaa! Waya wenyewe hata kipofu anauona. Na wewe na ndevu zako unataka kuvaa chupi juu ya suruali. Huoni kinyaa?"

"Naona raha. Naitwa Nachiket Wagle. Nafanya kazi kampuni ya bima, dada yangu. Raha naiokota popote ninapoikuta."

Aliondoka bila vazi, ila namba ya simu iliyoandikwa juu ya mlango aliisoma vizuri. Jioni ile ile akapiga.

"Hapo ni duka la kukodi? Nataka kumkodi mwenye duka."

"Hakodishwi. Ana madoa."

"Nitayafua kwa mkono wangu."

"Hebu msikie! Bima wanakulipa kwa upuuzi huu?"

"Upuuzi nafanya bure, mpenzi."

"Nani mpenzi wako? Kwenda huko!" Lakini simu hakuikata.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hazikupita wiki nyingi, wauza mboga wa Dadar wote wakawa wanajua kwamba Revati mkali ana mtu wa kumletea vitumbua vya viazi na kumtolea pilipili zisimuunguze. Ajabu ni kwamba kila walipokuwa wakicheka, Nachiket hakukosa kulitaja lile jitu la njano, na kila lilipotajwa, Revati aligeuza mazungumzo.

Siri yake ilikuwa hii. Katika tamthilia hiyo kulikuwa na Jini Tope, adui aliyechapwa kila Jumapili mpaka watoto wa nchi nzima wakapiga vigelegele. Aliyekuwa ndani ya tope hilo ni Dattaram Salunkhe, baba yake. Mwenye tamthilia alikuwa bahili, hivyo tope lilikorogwa kwa gundi, unga wa ngano uliochacha na mavi ya ng'ombe. Mzee Dattaram alirudi nyumbani akinuka hivi kwamba mkewe alimwogeshea nje, kwenye ukumbi wa wapangaji wote, huku Revati mdogo ameziba pua na kulia. Watoto wa jirani walimvizia mzee wakamrushia uchafu, wakidhani wanaisaidia dunia. Sikio lake la kushoto lilikufa kwa teke la Bhanuprakash Sodhi, aliyecheza Vidyutraj. Sodhi hakuamini mambo ya kupiga kwa kuigiza. Alisema kamera si mjinga.

Kwa nini Revati hakumwambia Nachiket? Kwa sababu siku moja, wakimenya karanga, Nachiket alimwambia, "Baba alikufa nikiwa na miaka minane. Mama alikuwa nesi, Jumapili yuko kazini. Mimi nakaa peke yangu mbele ya televisheni, Vidyutraj ananiambia piga mswaki, mtii mama, usiogope giza. Wee Revati, yule mtu ndiye aliyenilea." Revati akammenyea karanga nyingine.

Basi akakubali, kwa ajili ya mapenzi, kwenda naye kwa rafiki yake kuangalia vipindi vya zamani. Laiti asingekwenda! Wanaume wenye vitambi na mikopo ya nyumba, mataulo yamefungwa shingoni, waliimba wimbo wa tamthilia kwa sauti za mbuzi. Ukutani Vidyutraj akatokea, shavu limepakwa rangi ya waridi, kifua cha kadibodi kimepinda. Akamtupa Jini Tope kwenye mtaro, akaweka buti jekundu juu ya shingo yake na kukandamiza uso kwenye tope. Miguu ya jini ikaanza kupapatika.

"Rudisha! Rudisha hapo kwenye miguu!" wakapiga kelele.

Wakarudisha. Nachiket alicheka mpaka machozi yakamtoka. Revati aliitazama ile miguu, akaijua. Jini halikuwa likiigiza, lilikuwa likikata roho. Aliikumbuka wiki ile ambayo baba yake alikohoa makohozi meusi mpaka kwenye sahani ya chakula. Akakimbilia sinki la jikoni la watu akatapika, kisha akatoka bila kuaga.

Simu ikamkuta kwenye ngazi za stesheni.

"Mpenzi, uko wapi? Unaumwa?"

"Yule mliyekuwa mkimcheka ni baba yangu."

"Jini Tope? Jini Tope ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Revati! Na muda wote hukuniambia! Natembea na binti wa Jini Tope na sijui! Ngoja niwaambie hawa, watazimia!"

Revati aliitazama simu kama mtu aliyekuta nywele kwenye mchuzi. Akakata. Akaifungia namba ile isimfikie tena. Mtu akikukosea kwa ubaya unaweza kugombana naye ukapoa, lakini huyu alikuwa amefurahi kwa moyo mweupe kabisa, na furaha yenyewe ndiyo iliyomtia kichefuchefu.

Revati hakumweleza baba yake kitu, alimwonea haya. Lakini haukupita mwezi, mzee akamwita.

"Binti, yule kijana wa bima amenipigia. Anataka kuja Jumapili na mzee wake kuleta posa. Nimemwambia aje."

"Baba! Mimi simtaki!"

"Unalia bafuni kila siku ukidhani sisikii. Nimebakiwa na sikio moja zima, mwanangu."

Jumapili Revati akakaanga poha, mchele ule wa kupondwa, kwa vitunguu na bizari, akakaa jikoni kama desturi inavyotaka mpaka aitwe. Moyo ulimwenda mbio, akauchukia kwa hilo. Mlango ukagongwa. Akasikia vicheko, kisha sauti nzito yenye mafuta, sauti aliyoijua tangu utotoni. Akachungulia kwenye pazia.

Bhanuprakash Sodhi alikuwa amesimama katikati ya sebule yao. Nywele zimepakwa wino, kanzu ya hariri ya njano imebana tumbo, marashi yananuka mpaka jikoni. Na miguuni, ndani ya nyumba ya watu ambamo hata mtoto huacha ndara mlangoni, alikuwa na yale mabuti mekundu ya tamthilia, yamebanduka ngozi, yameacha matope ya barabarani juu ya vigae. Nyuma yake marafiki wawili wa Nachiket, simu juu, wanarekodi.

Nachiket aling'aa uso mzima. "Mzee Salunkhe, baba yangu hayupo duniani. Nimemleta aliyenilea." Akatupa jicho kwenye pazia, akingoja shukrani. Masikini wa Mungu, aliamini ameleta zawadi.

Sodhi akamtazama mzee juu mpaka chini. "Ndiye huyu? Sura siikumbuki. Si alikuwa na tope siku zote!" Akacheka peke yake. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Dattaram alikuwa ameunganisha viganja vyake kwa salamu.

"Picha, Sodhi-ji!" rafiki mmoja akaomba kwa heshima. "Ile ya buti shingoni!"

"Haya, Tope, shuka chini. Mahali pako unapajua."

Na Dattaram, mzee wa miaka sitini na minane, katika shati jeupe alilolipiga pasi alfajiri kwa heshima ya binti yake, akaanza kukunja magoti. Baba wa binti humeza mengi ili posa isivunjike. Revati alisimama nyuma ya pazia na sinia mkononi, akaona kinyaa cha kila mtu: cha Sodhi, cha wale wenye simu, cha Nachiket, na zaidi cha nafsi yake, maana alijua mzee anainama kwa ajili yake.

Kabla goti halijagusa sakafu, mkono wa Dattaram ukapanda wenyewe ukaziba sikio la kushoto.

Nachiket akauona mkono huo. Tabasamu likamtoka usoni polepole.

"Mzee, inuka," akasema, akimshika kwapani. "Inuka, nakuomba. Nitalala mimi."

"Vyema!" Sodhi akafurahi. "Kijana atacheza!" Nachiket akalala kifudifudi kwenye vigae, buti likashuka shingoni, likakandamiza. Wenzake wakachekelea. Miguu ya Nachiket ikaanza kupapatika.

"Tazama, kama kweli vile!"

Revati hakungoja kuitwa. Akaweka sinia chini, akatoka, akamsukuma Sodhi kwa mikono miwili kifuani, jitu likaketi kitini likatoa pumzi puu.

"Toa buti lako nyumbani kwetu," akasema. "Na nyinyi, tokeni na simu zenu kabla sijazitia chooni."

Walitoka. Sodhi alilalamika ngazi zote kwamba hajapata kutukanwa hivyo na mashabiki.

Nachiket alijiinua akaketi sakafuni, akikohoa, alama ya soli imemvimba shingoni. "Mzee," akasema kwa sauti iliyokwaruzika, "alikukanyaga hivi kila Jumapili?"

"Jumapili mlikuwa mnaangalia nyinyi," Dattaram akajibu. "Sisi tulifanya kazi Jumanne mpaka Ijumaa."

Nachiket akainama, akaigusa miguu ya mzee kwa paji la uso, machozi yakitiririka. "Nilicheka. Miaka yote hiyo nilicheka."

"Ulikuwa mtoto."

"Mwezi uliopita hakuwa mtoto, Baba," Revati akasema.

"Kweli," Nachiket akaitikia. "Sikuwa mtoto. Revati, sina mzee mwingine wa kumleta. Baba alikufa, na yule..." Akaipapasa alama ya soli shingoni.

Revati alimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja, kama mtu mwenye njaa aliyeshika embe lenye funza upande mmoja. "Mama yako si yu hai?"

"Yu hai. Magoti yanamsumbua, ngazi hapandi."

"Basi tutamfuata sisi," Dattaram akasema.

"Baba, tangu lini upande wa mwanamke ukaenda kujipeleka?"

"Kuinama nimeinama vya kutosha, mwanangu. Kutembea kwa miguu yangu hakutanidhalilisha."

Revati akamketisha baba yake kwenye kiti kizuri, akampa sahani ya kwanza ya poha, kisha akajipakulia yake. Akaingia jikoni, akarudi na ndoo na tambara, akavitua mbele ya Nachiket.

"Pote alipokanyaga," akasema.

Nachiket akakunja mikono ya shati, akapiga magoti, akaanza kusugua. Revati alisimama juu yake akila, akimwonyesha kwa kijiko.

"Na hapo," akasema. "Na hapo pia, mpenzi."