Kofia Juu ya Kitufe cha Kijani

Ilikuwa Jumatano, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, mkanda wa kupandishia nafaka ulipoanza kuzunguka wenyewe na kumkuta Ndefu ndani, ufagio mkononi. Hadi anatolewa, ulikuwa umemvunja mkono wa kulia mahali pawili. Mimi nasema wenyewe, lakini siku ile hakuna aliyesema hivyo. Kiwandani kote, kuanzia kwa wapakizi hadi kwa mpika chai, jibu lilikuwa moja: Mama Pacha kabonyeza.

Na kweli mambo yalimkalia vibaya. Yeye ndiye mwendeshaji wa mkanda, na katika chumba cha vitufe alikuwa peke yake. Ndefu ni shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, na tangu mazishi ukoo wa mume haukuacha kuwadai wale pacha wakalelewe kwao. Asubuhi hiyo hiyo, saa mbili, mbele ya watu zaidi ya kumi, Mama Pacha alimwambia shemeji yake kwamba atakayewagusa wanawe atajuta. Sasa mtu amevunjika mkono, nani atatafuta sababu nyingine? Akifungwa, pacha wanakwenda kwa akina Ndefu bila hata kubishaniwa. Hilo ndilo lililomtetemesha, si jela.

Aliyepewa kesi ni Inspekta mmoja mwanamke ambaye wenzake walimwita Bibi Rudia, maana kila swali aliliuliza mara mbili, na mara ya pili kwa upole zaidi. Upole ule ndio uliowatoa watu jasho. Alifika kiwandani saa tano na dakika tano, akaomba kwanza aoneshwe kitufe.

Kiwanda kile kina mazoea yake. Swichi kubwa ya mkanda ina tundu la kutia kufuli, na kufuli lenyewe liko stoo, bado limo kwenye karatasi yake. Anayeingia kusafisha mkanda huuzima kwa kitufe tu, swichi ikaachwa imewashwa, halafu huvua kofia yake na kuitundika juu ya kitufe cha kijani cha kuwashia. Kofia ya mwenzako haiguswi, hata meneja haigusi. Wao wanaona hiyo ndiyo kufuli, na ukiwabishia watakucheka.

Kofia ya Ndefu ilikuwa bado inaning'inia pale pale. Fundi Mkuu wa umeme, mzee wa heshima zake, alitikisa kichwa kwa huzuni akasema kofia si ushahidi, mtu akipandwa na hasira anabonyeza juu yake hivyo hivyo. Rudia akainama. Kofia ilikuwa imetandwa na vumbi la unga, kama kila kitu humo ndani. Akaigusa kwa ncha ya kidole, na alama ikabaki imejichora. Alama nyingine haikuwepo, isipokuwa ukingoni, pale mwenyewe alipoishika akiitundika. Hiyo haikutosha kumwachia mtu huru, ila ilimharibia Rudia hamu ya chakula cha mchana.

Saa tisa alasiri alikuwa kituoni, ameketi mbele ya Mama Pacha.

"Umebonyeza?"

"Sijabonyeza."

"Mama Pacha, umebonyeza?"

"Sijabonyeza, afande. Lakini niandikie kwamba mkono uliteleza."

Kalamu ya Rudia ikasimama. "Uandikiwe kitu ambacho hakikutokea?"

"Mjomba ndiye aliyenishauri. Anasema ikiwa bahati mbaya sitafungwa sana, nitawahi kurudi kwa wanangu."

"Mjomba yupi?"

"Huyo huyo Fundi Mkuu. Ndugu yake mama, tumbo moja. Ndiye aliyeniingiza kazini, na kila ninachokijua amenifundisha yeye."

Rudia aliandika hilo, akalipigia mstari. Alimkumbuka yule mzee na kofia. Mjomba mtu anamtetea mpwa wake hata kwa uongo, hilo linaeleweka. Lakini huyu mbele ya polisi alimzamisha, na kwa siri akamfundisha kukiri. Jambo hilo lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu.

Hata hivyo, Alhamisi asubuhi aliyemtia shaka zaidi alikuwa meneja. Barua ya kumfukuza kazi Mama Pacha ilikuwa imeshapigwa chapa na kusainiwa. Rudia alipouliza haraka ya nini, meneja alisema ana kiwanda cha kuendesha, hana muda wa vikao. Hapo hapo akaanza kulalamika. Wiki mbili zilizopita wamefunga sanduku jipya la kudhibiti mwendo wa mota ya kinu. Wiki ya kwanza kikata umeme kilijizima mara tisa, kazi ikawa inasimama. Jumamosi kikatulia, shwari kabisa hadi Jumatano. Sasa leo tena, tangu kinu kiwashwe saa moja, kimeshajizima mara tatu.

"Jumamosi nani alikitengeneza?"

"Hakuna. Fundi Mkuu alisema kimezoea chenyewe."

"Nani alikitengeneza, meneja?"

Meneja akafikiri, safari hii kwelikweli, akajibu kwamba hajui. Ufunguo wa kabati la umeme, lilimo sanduku lile, uko kwake na kwa Fundi Mkuu, basi.

Getini, mlinzi alikuwa anasikiliza mpira kwa redio ndogo, sauti safi. Rudia alimsifia redio. Mlinzi akasema asiisifie mapema, ilikaribia kumtoa roho. Tangu Jumamosi, kinu kikianza tu, redio inapiga mluzi mpaka meno yanauma. Leo kinu kinanguruma na redio haina neno. Rudia alimuuliza pia kuhusu jana. Mlinzi alikumbuka kila mtu alivyokimbilia gari la meneja lililompeleka Ndefu hospitali, na meneja mwenyewe akarudi saa saba mchana. Fundi Mkuu peke yake hakuonekana getini. Alisema anakwenda kuzima umeme, akazima kwa karibu nusu saa.

Basi meneja akatoka kwenye hesabu: watu walipokimbilia gari, mwenye ufunguo aliyebaki na kabati alikuwa mmoja tu. Rudia alimpigia simu fundi wa kampuni iliyoleta lile sanduku, akamwomba amweleze kama anavyomweleza mama yake.

Fundi yule alieleza vizuri. Sanduku lile hukatakata umeme mara maelfu kwa sekunde, ndivyo linavyopunguza na kuongeza mwendo wa mota. Ukatakataji huo hutoa kelele, si ya kusikika kwa masikio, ni kelele ya umeme, nayo hurukia nyaya za jirani. Ndiyo maana kebo ya mota huvishwa wavu wa shaba, na wavu hubanwa kwenye bati lenye ethi, waya wa kwenda ardhini, huku na huku, kelele irudi ilikotoka. Nyaya nyembamba za vitufe zilitakiwa zipite njia yake, mbali. Kiwandani hapo nafasi ilikuwa finyu, zikalazwa mfereji mmoja na kebo ya mota, kwa hiyo wavu ndio uliokuwa kinga pekee.

"Mtu akiufungua wavu?"

"Redio ndizo zitakazolalamika kwanza. Halafu waya wa kitufe unaweza kupokea kelele ukadhani ni amri."

Na kwa nini mtu aufungue? Kwa sababu, alisema, umeme kidogo hupitia wavu kwenda ethini, na kikata umeme chepesi huona ni hitilafu, kikajizima. Dawa yake ni kubadilisha kikata umeme. Fundi mvivu hufungua wavu.

Saa nane mchana meneja alimfungulia Rudia kabati. Ndani, unga ulikuwa umelala juu ya kila kitu, isipokuwa vibano viwili vya shaba vilivyobana wavu. Hivyo viling'aa. Skurubu zake zilikuwa na mikwaruzo mipya. Fundi Mkuu, aliyesimama nyuma yao, aliulizwa lini mara ya mwisho alifungua kabati hilo. Akasema siku ya kufunga sanduku, wiki mbili zilizopita. Akaulizwa tena. Akasema vile vile, akanyoosha mkono kulifunga kabati.

Ijumaa saa tatu asubuhi Rudia aliwakusanya. Mama Pacha aliletwa kutoka kituoni na khanga ile ile ya Jumatano. Mkanda ulizungushiwa kamba, asisogee mtu. Rudia alivua kofia yake ya polisi, akaitundika juu ya kitufe cha kijani, akaagiza kila aliye chumbani humo akae mikono juu ya meza. Halafu akamwambia Fundi Mkuu alegeze vile vibano viwili.

Mzee alilegeza.

Kinu kikawashwa. Redio ya mlinzi, iliyowekwa dirishani, ikapiga mluzi. Dakika tano zikapita, kumi zikapita, meneja akaanza kutazama saa yake. Dakika ya kumi na nne mkanda ukashtuka, ukaanza kuzunguka. Kofia haikutikisika. Mama Pacha alikuwa bado na mikono juu ya meza, machozi yanamtoka bila sauti.

"Umelegeza lini, mzee?" Rudia aliuliza.

Hakungoja kuulizwa mara ya pili. Jumamosi. Meneja alikuwa amemwambia kikijizima mara ya kumi ataitwa fundi mwingine, na huyo mwingine, yule wa kwenye simu, ni mwanafunzi wake wa zamani. Miaka thelathini hakuna mota iliyomshinda. Aibu hiyo hakuiweza. Ndefu alipopiga ukelele, alijua papo hapo. Wenzake walikimbilia gari, yeye akakimbilia kabati kukaza vibano.

"Na mimi, mjomba?" Mama Pacha aliuliza.

"Nilijua hawatakufunga sana."

"Na wanangu?"

Mzee alimgeukia Rudia. Ujomba wote ule, wa kumbeba mgongoni na wa kumfundisha kazi, ulikuwa umeishia kwenye vibano viwili vya shaba. Aliomba apelekwe kituoni sasa hivi, kwa mlango wa nyuma, dada yake asimwone. Alikuwa amemwona akiingia getini na wale pacha.

"Afande, subiri kidogo," Mama Pacha alisema. Alikuwa ameshafuta uso. "Mjomba, mama nilimwambia mkono wangu uliteleza. Siku mbili hajala, anaamini nimemvunja mtu. Nilimdanganya mama yangu kwa maneno yako. Toka ukamwambie."

Mzee akanyoosha mikono yote miwili mbele ya Rudia, afungwe pingu, aondolewe.

Rudia alimwambia pingu zipo, zitamsubiri. Akamfungulia mlango wa mbele.