Chuma Changu cha Neptuni

Dukani kwa muuza vitambaa watu walijaa pomoni, na wawili wasiojuana wakajikuta wameshika ncha mbili za kitambaa kimoja cha kijani, kipande cha mwisho. Mmoja mhandisi wa kike, kazi yake kuongea na chombo kisicho na mtu kilichotumwa sayari ya Neptuni. Wa pili mwanamume, fundi cherehani, shati limenyooka kola hadi pindo.

"Niachie, dada, nikushonee gauni."

"Bure?"

"Kwa namba ya simu."

Miezi sita wakapigiana simu kila jioni, mpaka ikafika Jumapili ya kutambulishwa kwa mama wa fundi.

Asubuhi hiyohiyo chombo kikanyamaza. Mhandisi akakimbia kazini na gauni lake la kijani, na kwa haraka akaacha simu mlangoni pa ofisi, zinakoachwa simu zote, kabla hajampigia mpenzi wake. Saa mbili akatuma amri. Amri huchukua muda wa saa nne kufika Neptuni, na jibu saa nne nyingine kurudi. Kisipojibu, mradi unafungwa.

Saa sita alipotoka kupumua, simu ilikuwa imeita mara kumi na saba. Akapiga.

"Uko wapi, mpenzi? Mama na shangazi zangu wamekaa tangu asubuhi."

"Kazini, chombo kimenyamaza. Kutokukupigia nimekosa, nisamehe. Kwa kuja huku siombi samahani."

Mama akanyakua simu. "Mwanangu, hatuoi mtu aliyeolewa na mashine. Chagua."

"Shikamoo, mama. Mwanao nampenda, tena sana. Lakini chuma hiki nimekilea miaka tisa, siondoki. Kama ni kuachwa, niachwe nikiwa kwenye kiti changu."

Akakata simu. Akalia chooni mpaka akatosheka, akanawa uso, akarudi kazini.

Saa kumi jioni mstari mwembamba ukapanda kwenye skrini. Chombo kimejibu. Wenzake wakakumbatiana; yeye akaenda getini peke yake, macho mekundu.

Fundi alikuwa amesimama na mlinzi, shati limekunjamana.

"Mama alitaka nami nichague," akasema. "Nikamwambia nimeshachagua. Achague yeye kama atakuja harusini. Nimemwacha bado anafikiri."

"Harusi ipi?"

"Yetu, ukikubali. Wewe na hicho chuma chako."

Mhandisi akakubali palepale, mbele ya mlinzi, bila kungoja ridhaa ya mtu.