Uzi Mwekundu kwenye Ua la Tikiti

Haya, sogeeni karibu. Hii ni hadithi, lakini tumboni ina vitendawili viwili. Ukisoma polepole usione haya. Hata tikiti huiva polepole.

Alikuwepo fundi cherehani mmoja, bingwa wa vipimo. Suruali aliipima mara mbili, akaikata mara moja. Mkewe aliitwa Mama Kicheko, kwa sababu kicheko chake kilifika nyumbani kabla yake. Waliishi na Babu, baba yake fundi. Cherehani ilikaa barazani. Nyuma ya jiko kulikuwa na shamba dogo la Babu.

Miaka yote shamba hilo lilipandwa mahindi. Safari hii Mama Kicheko aliomba kupanda matikiti.

"Nakupa msimu mmoja tu, mkwe wangu," Babu alisema. "Yakizaa, tutaongea. Yasipozaa, mahindi yanarudi kwao."

Matikiti yaliota vizuri. Yalitambaa mpaka karibu na mlango wa jiko. Yakatoa maua mengi ya manjano. Kisha maua yakaanza kuanguka. Yakaanguka wiki ya kwanza, yakaanguka wiki ya pili. Halikuonekana hata tikiti moja lenye ukubwa wa yai.

Kicheko kikapungua mle nyumbani.

Fundi aliona dawa ya wadudu ndiyo jibu. Kila baada ya siku mbili alibeba bomba mgongoni. Alipiga dawa asubuhi, maua yakiwa wazi, ndipo akakaa kwenye cherehani. Alivaa fulana na kandambili. Dawa aliipima kwa kifuniko cha chupa.

"Kifuniko kimoja cha wadudu," alisema. "Kimoja cha watoto wao. Na kimoja cha bahati."

Kila akishona alikuwa akijikuna mikono, mpaka mishono ikaenda upande.

"Shida si wadudu," Babu alisema. "Shida ni mbegu. Hizi za dukani zimetengenezwa maabara. Nimesikia wanabishana redioni. Wengine wanasema zitatuokoa, wengine wanasema zitatumaliza. Mimi nasema mbegu iliyochezewa haizai. Jumamosi tunang'oa."

Mama Kicheko alijifunga kanga, akaenda moja kwa moja kwa bibi shamba, yule mtaalamu wa kilimo. Ijumaa wakaja wote wawili.

"Shikamoo, Baba," bibi shamba alisema.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuyaaga matikiti?"

"Nimekuja kuyaamkia. Lakini nimesikia wewe ni mtu wa vitendawili. Kitendawili!"

Macho ya Babu yakang'aa. "Tega!"

"Vibarua wangu hawaombi ujira. Lakini wasipokuja kazini, ghala langu tupu."

"Ng'ombe!"

"Ng'ombe si anaomba majani, Baba?" Mama Kicheko akasema.

"Basi mvua!" fundi alidakia.

"Mvua ni kibarua wa nani, wewe?" Babu alimkemea. Akafikiri. Akavuta kidevu. Mwishowe akasema, "Nimeshindwa. Chukua mji."

Ndiyo kanuni. Anayeshindwa kitendawili hutoa mji. Hata mtoto anaijua.

"Mji siutaki, Baba. Nipe siku kumi. Kwa siku kumi msing'oe, wala msipige dawa."

Babu aliguna. Lakini kanuni ni kanuni. "Haya, zichukue. Sasa toa jibu."

Bibi shamba aliinama. Akainua jani moja, akaokota kitu, akafungua kiganja. Walikuwemo wadudu watatu waliokufa.

"Nyuki," alisema. "Hawa ndio vibarua wenu. Mmewaua wakiwa kazini."

Wote wakasogea karibu.

"Tazameni," aliendelea. "Hili ni ua dume. Ndani lina unga wa njano, unaitwa chavua. Hili ni ua jike. Mnaona kitikiti kidogo shingoni mwake? Nyuki huuchukua unga wa dume akaupeleka kwa jike. Asipoupeleka, ua huanguka. Na maua haya hufunguka asubuhi, saa ile ile fundi anapopiga dawa."

"Kwa hiyo mbegu si mbaya?" Babu aliuliza.

"Baba, ubishi wa redioni upo kweli. Zipo mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Wataalamu hugusa zile chembe ndogo sana zinazoamua mmea uweje. Watu bado wanajadiliana, na kila nchi ina sheria yake. Kuuliza ni haki yako. Lakini soma pakiti hii. Imeandikwa chotara. Chotara ni mtoto wa matikiti mawili ya aina mbili. Chavua ya moja imepelekwa kwenye ua la jingine."

"Kumbe ana baba na mama kama mimi!"

"Kama wewe, Baba."

Fundi alikuwa ameinamisha kichwa. "Na wadudu je? Niwaache wale kila kitu?"

Bibi shamba aligeuza majani kumi. Alikuta vidukari wachache tu, akawaponda kwa kidole.

"Tafuta mdudu kwanza, ndipo utafute dawa. Wakizidi, njoo uniulize dawa ipi inafaa. Soma maandishi ya chupa, upime kama yanavyosema. Piga jioni, maua yamefunga na nyuki wamerudi kwao. Usivune mpaka siku zilizoandikwa ziishe. Na vaa mikono mirefu, glavu na buti, uzibe pua na mdomo. Ukimaliza, oga kwa sabuni. Unadhani unajikuna kwa nini?" Akamtazama. "Fundi, kitambaa unakipima kwa futi. Sumu unaipimaje kwa bahati?"

Hapo Mama Kicheko akacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta wa jiko. Fundi naye akacheka, japo masikio yalimwaka.

"Na mpaka nyuki warudi, nani atafanya kazi yao?" Mama Kicheko aliuliza.

"Ninyi."

Bibi shamba akachuma ua dume. Akaondoa petali zake, akalipaka taratibu katikati ya ua jike. Fundi akakimbilia barazani, akarudi na uzi mwekundu. "Tufunge alama," alisema. "Tujue lipi limepakwa." Akaufunga kwenye kikonyo, taratibu, bila kukaza.

Kuanzia kesho yake, kila asubuhi walikuwa shambani wote watatu.

"Nimeoza mabinti wanne," Babu alisema akiwa amepiga magoti. "Leo naoza maua!"

"Mahari umepokea, Baba?"

"Unga tu, mkwe wangu. Unga wa njano!"

Siku ya nane Mama Kicheko alipiga ukelele. Wakadhani nyoka. Kumbe nyuki mmoja ameingia kwenye ua. "Karibu! Karibu ndani, mgeni wetu!" alikuwa akimwambia.

Siku ya kumi Babu alikagua mwenyewe, jani kwa jani. Maua mengi yasiyo na uzi yalikuwa yameanguka. Yenye uzi mengi yalikuwa yameshika, na ya kwanza yalikuwa na matikiti makubwa kama ngumi. Shamba ni lile lile, mbegu ni ile ile.

"Mbegu nimeisingizia," Babu alisema. "Aibu yangu."

Nyuki waliongezeka. Nyuzi zikawa hazihitajiki tena. Fundi alijishonea ovaroli ya mikono mirefu, na majirani watano wakaagiza za kwao. Msimu mzima alipiga dawa mara moja tu, jioni, kwa kipimo.

Siku ya mavuno Mama Kicheko alipasua tikiti la kwanza mlangoni mwa jiko. Babu alipewa kipande kikubwa. Bibi shamba alikuwepo, na majirani walikuwepo.

"Kitendawili, Baba!" Mama Kicheko alisema.

"Tega!" Babu alijibu, mdomo umejaa.

"Kanzu yake kijani, moyo wake mwekundu, watoto wake weusi."

Kila mtu alimtazama Babu. Maji mekundu yalimtiririka kidevuni. Mbegu nyeusi ilimganda shavuni. Akatafuna polepole, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Kigumu hicho. Nimeshindwa kabisa. Chukua mji."

"Mji gani, Baba?"

"Shamba hili. Mahindi yatafute kwingine kwa kukaa."

Kicheko cha Mama Kicheko kilisikika mpaka mtaa wa pili. Babu akanyoosha mkono kuomba kipande kingine.