Uso wa Keren Una Mafuta, Hauna Maji

Kila asubuhi Butembo, pikipiki zinaamka kabla ya jogoo, na Keren anaamka kabla ya pikipiki. Anainama kwenye beseni na kusugua uso kwa sabuni ya kufulia. Tangu vita imfukuze yeye na jamaa zake kutoka Ruwenzori, sabuni ni hiyo tu, na uso wake unachubuka, halafu unang'aa kama beignet, andazi lililotoka kwenye mafuta.

Asubuhi moja Mama Orpa, mama wa mchumba wake Gracien, akaingia na kopo la krimu.

— Keren, ngozi yako inakauka. Inakosa mafuta. Paka hii, italeta na rangi ya muzuri, nyeupe.

— Rangi, mama? Nilizaliwa nayo tayari.

— Unacheka? Batu batauliza Gracien aliokota wapi huyu mutu. Bila kupaka, hapana mariage, hapana harusi!

Keren akachukua kopo, hakulifungua. Akalipeleka kituo cha afya, kwa muuguzi, infirmière Florentine. Mama Orpa nyuma yake, mbio mbio.

Florentine akatoa kifaa cha kupima ngozi, kama tochi ndogo.

— Aka! Hiyo si ya kuonyesha waasi pahali tuko? akauliza Mama Orpa.

— Hapana, mama. Inatoa mwangaza wenye jicho haioni. Maji ya ngozi inameza sehemu moja, mafuta inameza ingine. Yenye inabaki inarudi, mashine inasoma. Haichome.

Akakigusisha shavuni kwa Keren.

— Ona: mafuta mingi, maji kidogo.

— Mais, lakini anang'aa! akasema Mama Orpa.

— Kung'aa ni mafuta. Mafuta si maji. Sabuni ya kufulia inabomoa kinga ya ngozi, maji inatoroka. Na hii kopo haisemi iko na nini ndani. Zingine ziko na zebaki. Inaharibu figo.

— Donc, basi nifanye nini? akauliza Keren.

— Osha polepole na sabuni ya mutoto. Uso ukiwa bado na unyevu, paka krimu nyepesi, bila harufu. Kwenye jua, vaa kofia.

— Na rangi je? Mama Orpa hakuchoka.

Keren akasimama.

— Mama, vita ilichukua nyumba yetu. Ngozi yangu haikuipata. Na wewe hautaipata! Kama Gracien anataka mweupe, aoe ukuta wa chokaa.

Kopo likabaki mezani. Jioni Gracien aliposikia, alicheka hadi akakohoa.

— Mama, ukuta haujui kupika sombe. Mariage iko palepale.

Keren akafuata mashauri. Alipopimwa tena, maji yalikuwa yamepanda. Uso ulitulia.

Siku ya harusi aliingia kanisani na weusi wake wote. Wageni wakamuuliza Mama Orpa:

— Bibi arusi anapakaka nini kwenye uso?

— Kichwa ngumu! akajibu, na vigelegele vyake vikapita vya wote.